Malisho Yana Wenyewe: Wosia kwa Vijana wa Usangu na Pawaga

Wanangu na wajukuu zangu, vijana wa Usangu, vijana wa Pawaga na Idodi, na ninyi mliotawanyika na mifugo hadi Rufiji na Lindi, neno hili ni lenu. 

Zamani mzee akiona umri umemwelemea aliwaita vijana chini ya mti, wakakaa, akasema nao hadi jua likazama. Siku hizi hamkai mahali pamoja. Wengine mko vyuoni Iringa, wengine mnaendesha bodaboda Mbeya mjini, wengine mko na ng'ombe ng'ambo ya Ruaha ambako simu haishiki. Nikisema niwasubiri mkusanyike nitaondoka sijasema. Ndiyo maana nawaandikia. Mwenye kusoma amsomee asiyesoma, na neno lisipunguzwe.

Ng'ombe wangu mtagawana kwa desturi, sina la kuongeza hapo. Wosia wangu ni juu ya majani wanayokula. Ng'ombe wakifa kwa ukame huzaliwa wengine, nami nimeona boma lililobaki na mitamba michache likijaa tena. Malisho yakishachukuliwa sijaona yakirudi kwa urahisi. Nimetafakari kwa muda mrefu kwa nini sisi tunapoteza ardhi kuliko wengine, na jibu nililolipata ni hili: ardhi ya mkulima ina jaruba, ina mfereji, ina mabua, kila apitaye anajua ina mwenyewe. Ardhi ya mfugaji inapopumzishwa ili majani yaote, apitaye huona pori tupu. Kazi yenu ninyi, kizazi chenu, ni kuhakikisha hakuna mpima ardhi, karani, mwekezaji wala jirani atakayeyatazama malisho na kusema hayana mwenyewe. Hayo mengine yote nitakayowaambia yanatoka hapo.

Kwanza, jueni kazi yenu na msiione haya. Shuleni mtasikia kwamba mfugaji ni mtu wa kuzurura asiyejua aendako. Anayesema hivyo hajaishi Usangu. Mvua kubwa hunyesha juu, kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, na maji yakashuka kwa mito ya Mbarali, Kimani na Chimala, na Ndembera ukija kutoka Mufindi. Huku chini kwenye tambarare mvua ni chache na haina utaratibu: inaweza kunyesha Utengule na kuiacha Ukwaheri kavu. Wakati wa kifuku mbuga hujaa maji na mbung'o na minyoo huwa wengi, kwa hiyo baba zetu walitoa mifugo wakaenda nayo kwenye miombo na maeneo ya juu. Kiangazi, miombo ikikauka, walishuka kuelekea ukingo wa ardhioevu ya Ihefu, ambako majani hubaki mabichi baada ya maji kupungua. Huko kuhama kulikuwa na wakati wake, njia zake na wazee wa kuamua lini upande fulani ufungwe na lini ufunguliwe. Majani ya juu yalipona wakati ng'ombe wako chini, na ya chini yakapona wakati ng'ombe wako juu.

Dunia nayo imeanza kuliona jambo hili. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Sehemu kubwa kabisa ya nyama inayouzwa katika minada na bucha za nchi hii hutoka kwa mifugo ya asili, ng'ombe wanaokula majani yaliyoota kwa mvua. Kwa hiyo mtu akikuuliza mfugaji anachangia nini taifa, mpeleke mnadani ukamwonyeshe. Usiondoke na kichwa chini.

Pili, jueni mlivyofika hapa na yaliyowapata watu hapa. Wasangu walifuga ng'ombe tangu enzi za machifu wao wa kina Merere, kabla ya Mjerumani. Wabaluchi walikuja wakafuga. Sisi Waparakuyo tulianza kuingia Usangu miaka ya 1950, baadaye wakaja Wasukuma na Wabarabaigi kutoka kaskazini, nao Wabena, Wahehe, Wanyakyusa na wengine wakashuka kulima mpunga. Hakuna kabila linaloweza kusimama Rujewa likasema bonde hili ni letu peke yetu. Yeyote atakayewafundisha ukabila juu ya ardhi ya Usangu anawaandalia msiba.

Mwaka 1998 sehemu ya mbuga ikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Usangu. Wakati huo Mto Ruaha Mkuu ulikuwa tayari umeanza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na maji ya bwawa la Mtera yalipopungua umeme wa Mtera na Kidatu ulitetereka. Nchi ikataka kujua nani amekausha mto, na vidole vikaelekezwa kwa ng'ombe. Mwaka 2006, mwaka wa ukame na mgao wa umeme, ikaanza operesheni ya kuondoa wafugaji Ihefu, ikaendelea hadi 2007. Ng'ombe zaidi ya laki mbili wakaondolewa, familia zikasukumwa hadi mikoa ya Pwani na Lindi. Njiani mifugo ilikufa, mingine ikauzwa kwa bei ya kutupa. Malalamiko yalikuwa mazito hata Rais Kikwete akaunda tume ya uchunguzi mwaka 2007. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Na. 28, Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, nayo ikapanuka kutoka kilometa za mraba kama 10,300 hadi zaidi ya 20,000. Vijiji vilivyoandikishwa, vyenye shule na zahanati, vikajikuta ndani ya ramani ya hifadhi.

Januari 2019 Rais Magufuli alisimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyodaiwa kuwa hifadhini, na mawaziri wanane wakapewa kazi ya kupitia migogoro nchi nzima. Vijiji vingi vilipona. Lakini Oktoba 2022 vijiji vya Mbarali, vikiwamo Luhanga na Madundasi, viliambiwa vitaondoka, na Oktoba 2023 likatoka Tangazo la Serikali Na. 754 lililochora upya mipaka ya hifadhi. Mwaka huohuo wakulima 852 walifungua kesi Mahakama Kuu Mbeya. Hapa nataka mtulie mwelewe: walioathirika safari hii walikuwa wakulima wa mpunga pamoja na wafugaji. Mwaka 2006 wakulima wengi walidhani yale ni mambo ya ng'ombe, hayawahusu. Baadaye mpaka uliwafikia majarubani.

Siwaandikii haya ili muichukie hifadhi. Tembo, nyati na pofu wa Ruaha ni urithi wenu pia, na vijana wa Tungamalenga na Idodi wanapata riziki kwa wageni wanaokuja kuwatazama. Nawaandikia ili mjue kwamba mipaka huchorwa kwa karatasi, na asiye na karatasi yake huchorewa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo la tatu, sheria. Wazee wenu wengi hatukusoma, lakini sheria tulijifunza, kwa kuwa ilitufuata hadi bomani. Nchi hii ina Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Ardhi imegawanywa makundi matatu: ya jumla, ya hifadhi na ya kijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli kubwa. Haki ya kimila ya mtu au jamii aliyeitumia ardhi kwa desturi inatambuliwa hata kama hana hati. Hilo ni jema, lishikeni.

Sasa sikilizeni penye mtego. Sheria Na. 4 inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Na. 5 haisemi hivyo. Wanasheria wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Kwa mfugaji maana yake ni kubwa: malisho ya kiangazi, mliyoyafunga tangu Desemba ili yaote, yanaweza kutazamwa Machi na mtu wa ofisini akasema hayakaliwi wala hayatumiki. Mnayatumia kwa kuyapumzisha, lakini kama hilo halikuandikwa popote, nani atalijua?

Waulizeni Wabarabaigi wa Hanang. Miaka ya 1970 na 1980 malisho yao bora ya Basotu yalichukuliwa kwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani na mwanzo kikashinda. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliona kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kukabidhiwa ardhi ile kisheria. Watu waliochunga na kuzika wazee wao pale walikosa karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali neno hilo lilipotimia kama Mulbadaw.

Kwa hiyo wosia wangu wa kazi ni huu, uanzieni kijijini kwenu.

Hudhurieni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Nawajua: siku ya mkutano mko na mifugo, au mnadani, mnasema wazee watatuwakilisha. Asiyekuwepo na lake halipo. Malisho mengi hayakuporwa usiku. Yaligawiwa mchana, katika mkutano ambao mfugaji hakufika, na muhtasari ukasainiwa. Pangeni zamu: kila boma litoe mtu, mwanamume au mwanamke, na arudi aeleze kilichosemwa. Ombeni kusomewa muhtasari. Hakikisheni majina yenu yako kwenye orodha ya mahudhurio, kwa kuwa siku ya kesi orodha ile ndiyo itakayosema mlikuwepo au hamkuwepo.

Ulizeni kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na ramani iliyosajiliwa. Ulizeni kama kina mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007. Kama hakina, dai la kwanza la vijana liwe hilo. Kama kinao, ufungueni muone malisho yamewekwa wapi, na eneo lake linatosha mifugo iliyopo au ni kipande cha mawe kilichobaki baada ya kila mtu kuchukua chake. Njia za mifugo, mahali pa kunywesha, josho, lambo na malisho ya akiba viandikwe kimoja kimoja. Ipo pia Sheria Na. 13 ya mwaka 2010 inayohusu maeneo ya malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo. Kisha tungeni sheria ndogo, zipitishwe na mkutano, zifike halmashauri ya wilaya. Mpango usio na sheria ndogo hauna meno.

Baada ya mpango, tafuteni hati ya haki miliki ya kimila kwa kundi. Wengi hudhani hati hizi ni za mtu mmojammoja na shamba lake. Sivyo. Wahadzabe wa Yaeda Chini, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipata hati ya pamoja mwaka 2011 kwa msaada wa shirika la UCRT la Arusha. Kama watu wasiojenga uzio wala kulima waliweza kuonyesha kwamba pori lile lina wenyewe, nasi tutashindwaje? Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hiyo ya hati za pamoja kwa wafugaji na Wahadzabe. Hati ya mtu mmojammoja, msiitamani kwenye malisho. Mkiyakata vipande kila mtu na chake, ng'ombe hawatahama tena, na mwenye shida atauza kipande chake kwa mgeni. Katika miaka kumi mtakuwa mnachunga barabarani.

Tena msijifungie katika mipaka ya kijiji kimoja. Mvua haisomi ramani ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji jirani kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Huko Kiteto vijiji vya Orkitikiti, Lerug, Ngapapa na Engang'uengare viliunganisha malisho yao vikayaita OLENGAPA, kwa kuunga herufi za majina yao, vikapata ramani moja, hati na chama kimoja cha wafugaji. Vijiji vyetu vya Igava, Luhanga na Ukwaheri vina mifugo inayokutana kwenye maji yaleyale. Nendeni Kiteto mkajifunze. Wasukuma walio kati yenu wanajua ngitili, eneo la majani linalofungwa kifuku na kufunguliwa kiangazi. Shinyanga, ardhi iliyokuwa imekwisha kabisa, ilirudishiwa miti na majani kwa ngitili kupitia mradi wa HASHI ulioanza 1986. Sisi tuna desturi yetu ya kutenga malisho ya ndama karibu na boma. Ziandikeni desturi hizi ndani ya mpango wa kijiji, ziwe na nguvu ya sheria.

La nne ni jirani yenu mkulima, na hapa nawasihi kwa uzito wote nilio nao. Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni, Kilosa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hakuna jani lililopona kwa damu ile. Ninawakataza, na neno langu hili libaki hata nikiwa sipo, kuingiza mifugo katika shamba la mtu ambaye hajavuna, kwa makusudi au kwa uzembe wa kumpa mtoto wa miaka saba kundi la ng'ombe mia. Ikitokea, nendeni wenyewe kwa mwenye shamba kabla hajaja, na tathmini ifanyike, mlipe. Mfugaji anayesubiri aitwe polisi ameharibu jina la wote.

Kumbukeni tulivyoishi. Mpunga ukishavunwa, kuanzia Juni na Julai, ng'ombe huingia majarubani kula mabua, wakaacha samadi. Maksai hulima. Mama zenu hubadilisha maziwa na mchele, na urafiki huanzia kwenye kibuyu hicho. Mapatano hayo tuliyafanya kwa mdomo. Ninyi yaandikeni, kwa sababu watu wanahama na mashamba yanauzwa, na mnunuzi mpya hajui mdomo wa baba yake nani ulisema nini. Jueni pia kwamba mkulima mdogo ana maumivu yaleyale mliyo nayo. Wanakijiji wa Kapunga walihangaika miaka mingi kwa sababu hekta 1,870 za kijiji chao ziliingizwa katika hati ya shamba kubwa lililobinafsishwa mwaka 2006, hadi serikali ilipozirudisha. Walifanikiwa kwa kushikamana. Mkulima wa Kapunga na mfugaji wa Igava wakikaa meza moja na ramani moja, ni vigumu mtu kuja kuwagawa.

La tano, maji. Msikubali uongo kwamba ng'ombe alikunywa Ruaha akaumaliza. Utafiti wa mradi wa SMUWC uliofanyika Usangu hadi mwaka 2001 ulionyesha kwamba sababu kubwa ya mto kukauka ni maji yanayochepushwa kwenye mabanio ya umwagiliaji, hasa kiangazi, wakati mto una maji machache na mfereji unaendelea kuyachukua. Baada ya ng'ombe kuondolewa 2006, Ruaha uliendelea kukauka. Jambo hilo lisemeni kwa utulivu, bila kumfanya mkulima adui, kwa sababu mchele ule ndio chakula chetu. Linahitaji kufunga mabanio kwa zamu na kuheshimu vibali vya maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iko Iringa, na jumuiya za watumia maji ziko mitoni. Mna haki ya kuingia katika jumuiya hizo, na mfugaji akikosekana humo, zamu ya maji ya kunywesha itasahauliwa.

Nanyi mwe safi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Jengeni birika na malambo mbali na ukingo, mifugo inyweshwe huko. Msikate miti ya chemchemi. Msichome mbuga ovyo. Anayedai haki ya malisho awe wa kwanza kuyatunza, ili akisimama mbele ya mkuu wa wilaya au mbele ya hakimu pasiwepo wa kumkata kauli.

La sita linatoka ndani ya nyumba yetu, nalo linauma zaidi. Kuna malisho yaliyochukuliwa na serikali, kuna yaliyochukuliwa na wawekezaji, na kuna yaliyouzwa na watu wetu wenyewe. Kiongozi hukodisha ardhi ya wote kwa mgeni mwenye trekta, fedha ikaingia mfuko wa mtu mmoja. Kijana huuza kipande apate pikipiki, boma likapoteza njia ya kwenda majini. Malisho ya pamoja hayana mtu mwenye mamlaka ya kuyauza, awe mwenyekiti, awe laigwanani, yaani kiongozi wetu wa mila, awe mtoto wangu. Mwekezaji akija, sheria imeweka utaratibu: mkutano mkuu ujadili, na kama serikali inataka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Msiruhusu jambo hilo liishie chini ya mwembe kati ya watu watatu.

Na binti zangu nao wasikilizwe. Kifungu cha 20 cha Sheria Na. 5 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Wapo wazee wenzangu wanaosema haya ni mambo ya mjini. Nawaambia: mama ndiye anayejua ndama yupi hakunyonya, kisima kipi kimepungua, na boma lipi limeishiwa. Ardhi ilipouzwa kwa siri, mara nyingi mwanamke ndiye aliyekuwa wa kwanza kupinga, na mara nyingi alinyamazishwa. Msimnyamazishe. Jina la mke liandikwe katika hati ya familia, na mjane asinyang'anywe.

La saba ni kwa waliosoma. Tuliuza ng'ombe mkasoma. Deni lenu halidaiwi kwa fedha. Aliye mwanasheria, aje mara moja kwa mwaka kijijini kwake akawaeleze watu sheria kwa Kiswahili chepesi. Aliye mpima, awafundishe vijana kuchukua alama za mipaka kwa simu. Aliye bwana mifugo, awasaidie wachungaji kupanga chanjo na kutunza mabua na pumba za mpunga kwa kiangazi. Aliyepata kazi katika hifadhi, awe mwadilifu kwa ndugu zake na kwa tembo vilevile. Na wote andikeni kumbukumbu: tarehe, mahali, idadi ya mifugo, namba ya stakabadhi ya faini. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii kusini, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 150 kuanzia mwaka 2017, ulisimamishiwa fedha Aprili 2024 na kufungwa Novemba mwaka huohuo, baada ya malalamiko ya watu wa Mbarali kufika hadi kwenye Jopo la Ukaguzi la benki hiyo. Waliosikilizwa walikuwa watu wa kawaida wa vijijini waliokubali kusema na kuandikwa. Kilio kisichoandikwa huishia bomani.

Mwisho nawageukia watoto wa wakulima na wa maofisa, mtakaosoma barua hii mkidhani haiwahusu. Wengine mtakuwa wakuu wa wilaya, wabunge, majaji na wahifadhi. Mtakapoletewa ramani yenye eneo lililopakwa rangi moja na kuandikwa kwamba liko wazi, simameni kwanza. Nendeni huko kifuku, kisha mrudi kiangazi. Waulizeni wanaochunga hapo ni nani hupita, lini, na anakwenda wapi. Mkiona lazima watu wahame, basi wahame kwa kukubaliana, kwa fidia kamili na kwa ardhi iliyoandaliwa kabla lori halijafika. Kuwahamisha wafugaji kutoka Ihefu kwenda Lindi bila maandalizi kulihamisha mgogoro tu, ukaanza upya kati ya wageni na wenyeji huko. Hilo mnalijua, msilirudie.

Wanangu, siwaachii utajiri wa benki. Nawaachia kazi: kabla ya kifuku kijacho, kila kijiji chenye mifugo kati ya Rujewa na Pawaga kiwe kimeitisha mkutano wa malisho, kimechagua kamati yenye wanawake na vijana ndani yake, na kimepeleka barua wilayani kuomba mpango wa matumizi ya ardhi. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, itunzwe. Mkijibiwa kwa kuchelewa, andikeni nyingine. Msichoke, maana wanaotamani ardhi yenu hawachoki.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape amani na jirani zenu wanaolima. Ng'ombe wazae, watoto wasome, wajane wasilie. Yeyote atakayeyaandikisha malisho kwa ajili ya wote, baraka zangu ni zake na kizazi chake, leo na hata nitakapokuwa sipo. Na atakayeyauza kwa faida yake peke yake ajue kwamba hakupata baraka hizo kwangu.

Ni mimi babu yenu,
Mzee wa Usangu, Mbarali, Mbeya.